Serenity (2005): Wenyeji, Wageni na Tamthilia Iliyokatizwa

Ijumaa ya Septemba 30, 2005, studio ya Universal ilipeleka kwenye majumba ya sinema ya Marekani filamu ambayo, kwa taratibu za kawaida za biashara hiyo, haikupaswa kuwepo. Serenity ilikuwa mwendelezo wa Firefly, tamthilia iliyofutwa na kituo cha Fox mnamo Desemba 2002 ikiwa imeonyesha sehemu 11 tu kati ya 14 zilizokwisha kutengenezwa. Mashujaa wote wa filamu walitoka kwenye tamthilia hiyohiyo iliyoshindwa, na hakuna kati yao aliyekuwa na jina la kujaza ukumbi. Joss Whedon, aliyeiandika na kuiongoza, alikuwa hajawahi kuongoza filamu ya sinema kabla ya hapo. Kuitengeneza kuligharimu dola milioni 39.

Iliingiza takriban dola milioni 40 dunia nzima. Asiyeijua biashara ya sinema anaweza kudhani kwamba pesa ilirudi. Haikurudi kwenye majumba ya sinema, kwa sababu wenye kumbi huchukua karibu nusu ya kila tiketi, na fedha za matangazo huwa ni juu ya bajeti ya kutengeneza. Filamu ya pili haikufuata. Lakini hiyohiyo Serenity ilipata tuzo ya Hugo mwaka 2006, na muswada wake ukapata tuzo ya Nebula, ambazo kwa waandishi wa hadithi za kisayansi ndizo tuzo za heshima ya juu kabisa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu filamu yenyewe ni nzuri. Filamu mbovu ikianguka hakuna cha kuchimbua. Hapa kazi ngumu sana ya uandishi ilifanywa kwa ustadi mkubwa, na bado watu hawakuja wa kutosha. Naamini chanzo ni hesabu moja: Universal ilipima jinsi mashabiki walivyoipenda Firefly, ikadhani imepima idadi yao.

Firefly ilivyoangushwa

Hadithi imewekwa miaka 500 ijayo. Binadamu wameihama Dunia na kuhamia mfumo mwingine wa sayari, wakazigeuza sayari na miezi yake ziweze kukalika. Sayari za katikati ni tajiri na ziko chini ya dola moja kubwa iitwayo Alliance. Zile za pembezoni ni vumbi, farasi na bunduki kuukuu. Vita vya kukataa kutawaliwa na Alliance vimeshapiganwa, na waasi wameshindwa. Waasi hao walivaa makoti ya kahawia, ndiyo maana mashabiki wa tamthilia hii hujiita Browncoats. Malcolm Reynolds, aliyekuwa sajini upande wa walioshindwa, ananunua chombo chakavu cha mizigo, anakipa jina la bonde la Serenity ambako wenzake waliteketea, kisha anaishi kwa kazi yoyote itakayopatikana, ya halali au ya magendo.

Ndani ya chombo hicho wanaishi watu tisa. Yuko Mal mwenyewe. Zoe, msaidizi wake tangu vitani. Wash, mume wa Zoe, ambaye ni rubani. Kaylee, fundi wa injini. Jayne, mwenye mabavu wa kukodiwa. Inara, mwanamke wa kukodiwa ambaye katika ulimwengu ule ana hadhi kuliko wote chomboni. Book, mchungaji mwenye siri. Simon, daktari bingwa wa upasuaji aliyekimbia utajiri wa kwao. Na mdogo wake River, binti mwenye akili za ajabu ambaye Alliance ilimchezea ubongo ili awe silaha. Wengi wetu tumewafahamu waigizaji hawa baadaye, mahali pengine: Nathan Fillion kwenye Castle na The Rookie, Gina Torres kwenye Suits, Morena Baccarin kwenye Homeland na Deadpool. Mwaka 2002 walikuwa sura ngeni kwa walio wengi.

Watu tisa ni wengi kwa mtazamaji anayewaona kwa mara ya kwanza. Whedon alilijua hilo, akatengeneza sehemu ya kwanza yenye urefu wa saa mbili kwa kazi hiyo tu: kumleta kila mmoja kwa zamu yake, na kutuonyesha Simon na River wanavyoingia chomboni, yeye akijifanya abiria wa kawaida, dada yake akiwa amelazwa ndani ya sanduku. Wakuu wa Fox waliona sehemu hiyo inakwenda polepole. Wakataka nyingine yenye mikikimikiki, na Whedon pamoja na mwandishi mwenzake Tim Minear wakaiandika kwa wikiendi moja. Hiyo, yenye wizi wa kwenye treni, ndiyo iliyofungua tamthilia Septemba 20, 2002. Ile ya saa mbili ilirushwa Desemba 20, tamthilia ikiwa imeshafutwa. Yaani mtazamaji aliyeifuata Firefly kwa uaminifu alionyeshwa utambulisho wa wahusika baada ya kuagana nao.

Sehemu nyingine nazo zilirushwa bila kufuata mpangilio, Ijumaa usiku, wakati ambao vijana wengi hawako nyumbani, na mechi za besiboli za mwisho wa msimu zikaingilia ratiba. Wastani wa watazamaji ulikuwa milioni 4.7, nafasi ya 98 kwenye orodha ya vipimo vya Nielsen, kampuni inayohesabu watazamaji wa televisheni Marekani. Kwa kituo kikubwa cha Marekani wakati ule, hiyo ilikuwa hukumu.

Diski na hesabu yake

Mashabiki hawakukaa kimya. Walichangishana wakalipia tangazo la ukurasa mzima kwenye Variety, gazeti la biashara ya filamu na televisheni, na wakaviandikia vituo vingine kadi wakiviomba viichukue tamthilia. Hawakufanikiwa. Kilichobadilisha mambo ni DVD, iliyotoka Desemba 9, 2003 ikiwa na sehemu zote 14 kwa mpangilio aliokusudia mwandishi. Kwa mara ya kwanza Firefly ikaeleweka. Nakala kama 200,000 ziliuzwa katika miezi michache, bila kituo chochote cha televisheni kuitangaza.

Whedon aliipeleka hadithi yake Universal, ambako Mary Parent, mmoja wa wakuu wa studio, aliiamini. Makubaliano yalikuwa na mpaka: haki za televisheni zilibaki Fox, kwa hiyo Universal ingeweza kutengeneza filamu lakini si tamthilia, na jina la Firefly likaachwa. Filamu ikaitwa kwa jina la chombo.

Hapa tuzitazame namba kidogo, maana ndipo kisa kilipo. Mwaka 2005 bei ya wastani ya tiketi ya sinema Marekani ilikuwa dola 6.41. Watu 200,000 wenye diski, kila mmoja akienda mara moja, wanaleta chini ya dola milioni 1.3. Tuseme kila mmoja ameenda mara tatu na kila mara amemshika mkono rafiki mmoja: bado hatujafika dola milioni 8. Diski 200,000 za tamthilia iliyokufa zilikuwa ushahidi wa kweli wa mapenzi ya kweli, na mtu wa studio alikuwa na haki ya kushtuka alipoziona. Lakini filamu ya dola milioni 39 haiwezi kuendeshwa na watu hao. Ilihitaji mamilioni ya watu ambao hawajawahi kusikia habari za Mal Reynolds.

Kwa hiyo muswada ulikuwa na mabwana wawili. Kulikuwa na wenyeji, waliokijua chombo mlango kwa mlango na waliokuwa wakidai majibu kwa miaka mitatu. Kulikuwa na wageni, waliofika na tiketi yao wakitaka hadithi yenye mwanzo na mwisho. Ukimhudumia mwenyeji peke yake, mgeni atakaa ukumbini kama mtu aliyeingia kikao cha ukoo usio wake. Ukimhudumia mgeni peke yake, mwenyeji atachoshwa na kuelezwa mambo anayoyajua.

Kazi ya muswada

Rasimu ya kwanza ya Whedon ilikuwa na kurasa 190. Kwa kipimo cha kawaida cha kurasa za muswada, ukurasa mmoja kwa dakika moja, hiyo ni filamu ya zaidi ya saa tatu. Alikuwa ametia kila kitu: kila swali lililoachwa na tamthilia, kila siri. Yeye na Parent wakaanza kukata. Filamu iliyotoka ni ya dakika 119, na ukitaka kujua mwandishi ana uwezo gani, tazama alichokubali kukiacha.

Wanaume wenye glavu za buluu waliokuwa wakimwinda River kwenye tamthilia hawamo kabisa. Habari yao ilimalizwa kwenye kitabu cha katuni kilichotolewa na Dark Horse katika miezi ya mwisho kabla ya filamu. Siri ya zamani ya mchungaji Book haikuguswa. Ilisubiri kitabu kingine cha katuni, mwaka 2010. Inara na Book wameshashuka chomboni filamu inapoanza, na hilo peke yake linapunguza watu wa kutambulishwa kutoka tisa hadi saba. Mwenyeji anajua kwamba Inara alikuwa ameshatangaza kuondoka. Mgeni hajui, na hahitaji kujua.

Dakika kama kumi za mwanzo ningependa kila mwandishi wa filamu azikae azichambue. Tunaanza na sauti ya mwalimu akieleza historia: Dunia ilivyojaa, watu walivyohama, vita vilivyokwisha. Ni maelezo matupu, yale ambayo filamu nyingi za aina hii huyamwaga na kwenda zake. Kumbe ni darasa, na watoto wanajibu. Mmoja wao, River akiwa mdogo, anaeleza kwa nini watu wa pembezoni waliikataa Alliance: hakuna apendaye kuingiliwa nyumbani na kichwani mwake. Mwalimu anamwinamia, anamchoma kwa kalamu kwenye paji la uso, na tunagundua kwamba darasa lilikuwa ndotoni. River ni binti mkubwa sasa, amefungwa kwenye kiti cha maabara, sindano kichwani. Simon anaingia akijifanya mkaguzi, anamtorosha. Halafu picha inasimama, inarudi nyuma: tulichokiona ni rekodi, na mtu anayeitazama ni mwindaji aliyetumwa kumrudisha River.

Kila safu inafunuliwa ndani ya nyingine. Mgeni amepewa historia ya miaka 500, amejua binti ni nani, kaka yake ni nani, adui ni nani na kwa nini ana hatari, na hakuna dakika aliyohisi anafundishwa. Baada ya hapo tunaingia chomboni, na kamera inamfuata Mal kwa dakika kadhaa bila kukatizwa, kuanzia chumba cha rubani, kupita kwa Jayne mwenye mabomu, kwa Kaylee na injini inayogoma, akigombana na Simon njia nzima, hadi sehemu ya mizigo chini ambako River amelala akisikiliza kila kitu. Kwa macho ni picha moja isiyokatwa, ingawa ina kiungo kilichofichwa. Mwisho wa matembezi hayo mgeni anajua chombo kimepangwaje, nani anampenda nani na nani amemchoka nani. Ile kazi ambayo sehemu ya saa mbili ilitengenezewa na ikanyimwa nafasi ya kuifanya mwaka 2002, imefanywa hapa kwa muda wa kuchemsha chai.

Kuna bei iliyolipwa. Kwenye tamthilia Simon alieleza kwamba alilipa watu wa siri wamtoe dada yake. Kwenye filamu anaingia maabara mwenyewe. Wenyeji waliiona tofauti hiyo mara moja. Mimi naona Whedon alifanya sawa. Maneno mawili ya maelezo yalitosha kwenye televisheni, ambako Simon alikuwa na saa nyingi za kupendwa. Kwenye filamu tulipaswa kuona kwa macho yetu daktari mlegevu, asiyejua kushika bunduki, akiingia mahali pa kifo kwa ajili ya mdogo wake.

Mal naye amekuwa mgumu zaidi. Katika tukio la wizi mwanzoni, wanakimbizwa na Reavers, watu waliogeuka wanyama, wabakaji na walaji wa nyama za watu. Mwanakijiji mmoja anaomba apandishwe kwenye gari lao dogo. Mal anamsukuma, kwa sababu uzito ukizidi wote watakamatwa. Na Reavers wanapomshika yule mtu, Mal anampiga risasi ili asiteseke. Mgeni ameonyeshwa nahodha ni mtu wa namna gani kwa tendo moja. Mwenyeji ameumia, kwa kuwa anamkumbuka Mal ambaye angerudi. Na filamu nzima ni safari ya mtu huyu kurudi kuwa mtu wa kurudi.

Lakini uamuzi mkubwa kuliko yote ni Miranda. Tamthilia iliacha mafumbo mawili makuu: River anaficha nini kichwani, na Reavers walitoka wapi. Kwenye televisheni mafumbo hayo yalikwenda kila moja kivyake. Hadithi iliyokuwepo kuhusu Reavers ilikuwa kwamba ni watu waliofika ukingoni mwa anga wakaona utupu, wakarukwa na akili. Filamu inayafunga mafumbo yote mawili kwa fundo moja. River amewahi kukaa mbele ya wakuu wa Alliance, na kwa kuwa anasoma fikra, alichukua siri yao bila kujua. Siri ni sayari ya Miranda, ambako serikali ilitia dawa iitwayo Pax kwenye mitambo ya hewa ili kuwaondolea watu ukali. Dawa ilifanya kazi kupita kiasi. Watu milioni 30 waliacha kugombana, kisha wakaacha kufanya kazi, wakaacha kuzungumza, wakaacha kula, wakalala mahali walipo na kufa. Na kwa sehemu ndogo sana yao, moja katika elfu, dawa ilileta kinyume chake. Hao ndio Reavers.

Huu ni uandishi wa kiwango cha juu. Mwenyeji amepata majibu mawili aliyoyasubiri miaka mitatu. Mgeni, ambaye hakuwa na swali lolote, amepata kitendawili kilichotegwa na kuteguliwa ndani ya saa mbili. Na jibu linarudi kwenye maneno ya mtoto darasani, kwamba watu hawapendi kuingiliwa vichwani mwao, kwa hiyo siasa ya hadithi na mkasa wake vimekuwa kitu kimoja.

Mwindaji nimemweka mwisho kwa makusudi. Chiwetel Ejiofor anaigiza mtu asiye na jina wala cheo, mpole wa sauti, anayeua kwa upanga na kuwasifu anaowaua. Anaamini anajenga dunia bora, na anakiri kwamba yeye mwenyewe hana nafasi ndani yake kwa sababu ya aliyoyatenda. Huyu ni mhusika mpya kwa kila mtu ukumbini. Hakuna mwenyeji anayemjua zaidi ya mgeni, na kila anapotokea kwenye skrini watazamaji wa makundi yote mawili wanakaa sawa. Hata anavyoshindwa kunapendeza: Mal hamuui. Anamfunga mahali ambapo hana budi kuitazama rekodi ya Miranda, na imani yake inavunjika mbele ya macho yetu.

Kisha Wash. Dakika chache kabla ya pambano la mwisho, rubani anakishusha chombo kilichoharibika kwa ustadi usioelezeka, anavuta pumzi, na mkuki wa Reavers unapasua kioo na kumuua kwenye kiti chake. Mkewe anamwita, kisha anavutwa aondoke, hakuna muda wa kulia. Book alikuwa ameshakufa mapema, kifo chenye maneno na maandalizi. Hiki hakina lolote.

Nimebishana na wapenzi wa Firefly juu ya kifo hiki na nitaendelea kubishana. Kwa filamu, ni sahihi. Tangu sekunde ile hakuna mtazamaji anayeamini kwamba mashujaa watapona kwa kuwa ni mashujaa, na pambano linalofuata, ambamo karibu kila mmoja anajeruhiwa, linatisha kweli. Bila kifo cha Wash tungekuwa tunasubiri tu waokolewe. Ila uamuzi huo ulichagua upande. Hadithi inayotaka kuendelea kwa miaka haimtoi mcheshi wake, mume wa mmoja wa nguzo zake, kwa pigo moja. Whedon aliandika kana kwamba hatapata nafasi nyingine, na filamu imekuwa kamili kwa sababu hiyo.

Milango ilipofunguliwa

Tarehe ya kwanza ya kutoka ilikuwa Aprili 22, 2005. Universal ikaisogeza hadi Septemba 30, na katika miezi iliyopatikana ikaendesha jambo lisilo la kawaida: ilionyesha filamu ambayo haijakamilika kwa mashabiki, kwanza Mei 5 katika miji 10, kisha katika miji mingi zaidi mwishoni mwa Mei na tena Juni. Tiketi ziliisha haraka mno. Waigizaji walitokea kumbini, watu walilia, habari zilienea. Kwenye intaneti zikatolewa video fupi za River akihojiwa na wanasayansi kabla hajaharibika, na zilitazamwa na kujadiliwa sana.

Nani alinunua tiketi za Mei? Wenyeji. Nani alizitafuta zile video? Wenyeji. Kelele zote hizo zilitoka kwa watu ambao wangekuja hata kama ingetangazwa kwa karatasi moja iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Mtu anayepita barabarani aliona bango la filamu yenye jina linalomaanisha utulivu, sura asizozijua, na hakuna aliyemwambia kwa nini aingie. Muswada ulikuwa umejikaza kumpokea mgeni. Matangazo hayakumfikia mlangoni.

Wikiendi ya kwanza iliingiza dola milioni 10.1, nafasi ya pili nyuma ya Flightplan ya Jodie Foster, ambayo ilikuwa kwenye wiki yake ya pili. Wikiendi iliyofuata mapato yalishuka karibu nusu. Jumla ya Marekani iliishia dola milioni 25.5, kwa hiyo karibu asilimia 40 ya pesa yote ilipatikana siku tatu za mwanzo. Hiyo ni alama ya filamu inayotazamwa na waliokuwa wakiingoja.

Gawanya milioni 25.5 kwa bei ya wastani ya tiketi na utapata tiketi kama milioni nne. Rudi sasa kwenye vipimo vya Nielsen vya mwaka 2002: watazamaji milioni 4.7. Sidai kwamba ni watu walewale, na najua wengine walirudia mara nyingi. Lakini ukubwa wa hadhira haukubadilika kati ya televisheni na sinema. Fox iliiona hadhira hiyo ikaiita ndogo. Universal iliiona hadhira hiyohiyo, ikasikia sauti yake, ikaiita kubwa.

Wengine waliojaribu

Mfano uliokuwa vichwani mwa watu wa Hollywood ni Star Trek. Nayo ilifutwa, mwaka 1969, ikarudi kama filamu mwaka 1979 na kuingiza zaidi ya dola milioni 80 Marekani pekee. Tofauti iko katika miaka kumi ya katikati. Star Trek ilikuwa na sehemu 79, na vituo vidogo vya miji vilizirudia siku baada ya siku katika miaka ya 1970, bure, saa ambazo watoto wametoka shule. Kizazi kizima kilimjua Spock bila kuamua kumjua. Firefly ilikuwa na sehemu 14 ndani ya sanduku ambalo lazima ulinunue au uazimwe na rafiki. Aliyeipata aliipenda sana, na asiyeitafuta hakukutana nayo kamwe.

Mfano uliokuja baadaye unanifundisha zaidi. Veronica Mars ilifutwa mwaka 2007, na mwaka 2013 mtunzi wake, Rob Thomas, akawaomba mashabiki wachange kupitia Kickstarter, tovuti ya kukusanya michango. Watu 91,585 walitoa jumla ya dola milioni 5.7. Hiyo ni zaidi ya dola 60 kwa mtu mmoja, mara tisa na zaidi ya tiketi ya mwaka 2005. Filamu ikatoka Machi 2014, siku ileile kwenye kumbi na kwa wanaotazama nyumbani, na gharama zake zikalingana na kundi lililoiomba. Pale mapenzi ya wachache yalilipishwa kwa bei ya mapenzi. Mwaka 2005 shabiki aliyeandika kadi, aliyechangia tangazo la Variety, aliyesafiri mji mwingine kuona filamu isiyokamilika, alipofika dirishani alilipa dola sita na senti sawasawa na kijana aliyeingia kukwepa mvua. Studio haikuwa na njia ya kupokea zaidi kutoka kwake, ingawa alikuwa tayari kutoa.

Je, filamu ingeweza kutengenezwa kwa nusu ya pesa ile? Pambano kubwa la vyombo vya Reavers na Alliance lingekwenda, na labda Miranda ingebaki vyumba viwili vya maiti badala ya mji mzima. Sioni kama hadithi ingekufa. Nguvu yake iko kwenye matembezi ya Mal ndani ya chombo, kwenye sauti ya mwindaji, na kwenye ile rekodi ya mwanasayansi anayeeleza walichokifanya huku Reavers wakivunja mlango. Hayo hayahitaji milioni 39. Lakini mwaka 2004, kamera zilipokuwa zikizunguka Los Angeles, studio kubwa haikuwa na mazoea ya kutengeneza kitu kidogo kwa watu wachache wanaolipa vizuri. Ilikuwa sinema ya nchi nzima, au hakuna.

Browncoats hawakutawanyika. Tangu mwaka 2006 wamekuwa wakikodi kumbi katika miji mbalimbali kuionyesha Serenity na kuchangia Equality Now, shirika linalotetea haki za wanawake. Mwaka 2007 mwanaanga Steven Swanson alibeba diski za Firefly na Serenity hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga. Vitabu vya katuni viliendelea kutoka, na katika vile vinavyosimulia yaliyofuata, Zoe ni mjane, kama filamu ilivyoacha. Haki nazo zimebaki zimegawanyika: Disney iliponunua mali za Fox mwaka 2019 ilichukua tamthilia, ilhali filamu ni ya Universal. Atakayetaka kuwarudisha watu hawa kwenye skrini atalazimika kuzungumza na wenye mali wawili, na kabla ya hapo aamue kama hadithi yake inaanza Wash akiwa hai au amekufa.